Dereva wa Pili

Charleroi, 4 Machi 1973

Mama Amadi, mke wangu,

Salamu kwako na kwa watoto wetu, Amadi na Kadija. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi. Kozi yetu ya nyaya za umeme inaendelea vizuri. Kampuni ilitutuma wawili kutoka Kolwezi, mimi na Badibanga, lakini Badibanga amewapata Wakasai wenzake Brussels, na kila Jumamosi anapanda treni kwenda kwao. Mimi ninabaki katika nyumba ya wageni wa kiwanda. Jumapili hapa hakuna mtu barabarani. Maduka yamefungwa, na mapazia pia. Jumapili moja ilipita sijasema neno lolote mpaka jioni, nikamsemesha paka wa jirani ili niisikie sauti yangu.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo huenda ukalicheka. Nimekodi gari.

Kwetu ukitaka gari la jirani Tata Banza unamwendea, mnakula pamoja, anakupa funguo. Ukilikwaruza, mnakaa na wazee mnazungumza. Hapa nilimkuta mama mmoja nyuma ya meza, ana miwani, hana haraka. Kwanza akanitaka niache pesa za dhamana, wanaziita kosyo. Nikauliza kama gari lina asiransi, ile bima. Akasema linayo. Nikafurahi. Akainua kidole: asiransi hiyo ni ya wale utakaowagonga wewe. Gari lenyewe likiumia, sehemu ya kwanza ya hasara iko juu yako, ndiyo fransizi. Ukitaka fransizi ifutwe, unaongeza kitu kila siku. Ukizidisha kilomita, unaongeza. Ukilirudisha tangi halijajaa, wanajaza wao kwa bei yao. Nikamwambia, “Mama, kwenu ukifungua mlango unakuta mlango mwingine.” Hakucheka.

Mwisho akaniuliza, “Dereva wa pili ni nani?” Nikasema hakuna. Akasema nifikiri vizuri, maana akishika usukani mtu ambaye jina lake halikuandikwa, ulinzi wote wa gari unaanguka, na jina la pili lina malipo yake. Nikamwambia aandike langu tu. Katika nchi hii nzima sina mtu wa kumpa usukani.

Nilielekea kusini, kwenye misitu. Nilisimama mahali pamoja tu, kutia mafuta, kisha nikarudi.

Mumeo,
Alimasi

*

Kolwezi, Manika, 25 Machi 1973

Baba Amadi,

Barua yako ilifika. Batoto balitaka niisome mara mbili, na pale pa paka Kadija alicheka sana. Mi sikucheka. Nilikuona umekaa na lile koti yako, hauna mutu.

Juu ya gari, sikatai. Mwanaume hawezi kukaa mu chumba sawa muti. Lakini nieleze vizuri: unalipa asiransi, kisha ukigonga unalipa tena? Sasa asiransi inafanya kazi gani? Nilimuuliza Tata Banza. Akasema asiransi ni sawa mwamvuli ndogo, inafunika kichwa na mabega inalowana. Lipa ile ya kufuta fransizi, hata kama bei inapanda. Ile mashine ya kushona uliniahidi inaweza kungoja.

Hapa mvua haijaisha. Makala ya kupikia imepanda bei juu ya treni ya Mutshatsha kuchelewa. Mi niko sawa. Kitu kimoja tu: ninasongaka bukari ya bantu bane, kisha ninakumbuka tuko batatu. Asubuhi tunakula ile imebaki.

Na kule mu misitu, unaendaka kufanya nini?

Muke yako,
Mwamini

*

Charleroi, 15 Aprili 1973

Mama Amadi,

Nimekodi gari mara nne tena, lile lile dogo jekundu. Nimelipa ile ya kufuta fransizi kama ulivyosema. Sasa likiumia mkononi mwangu, sidaiwi kitu.

Kule misituni kuna milima midogo na ng'ombe wengi. Hakuna zaidi.

Nina swali. Mwaka 1960, mwezi wa saba, Wabelgiji walipokimbia, wewe ulikuwa unakaa wapi hasa, na ilikuwaje siku zile? Badibanga nami tulikuwa tunabishana juu ya mitaa ya zamani ya Kolwezi, nikataka kujua.

Amadi asiache shule. Kadija mbusu kwa ajili yangu.

Alimasi

*

Kolwezi, 6 Mei 1973

Alimasi,

Leo sikuiti Baba Amadi.

Nilikuwa ku soko ya Manika, ninachagua samaki. Mama Tshiela, muke ya Badibanga, akanivuta pembeni. Akasema, “Mama, siyo mimi nilitaka kusema, lakini sisi bote tuko banamuke.” Bwana yake alimuandikia. Alikukuta mbele ya gare ya treni kule Namur, siku ya Mungu jioni, wewe ku usukani wa gari nyekundu, na binti mulatre, wa damu mbili, amekaa kando yako. Binti mudogo, hata miaka makumi mbili hana. Ulimubebea sakoshi ya nguo mupaka ku mulango ya nyumba moja, na machozi ilikuwa mu macho yako. Badibanga alikuita, ukajifanya hausikii.

Nilirudia nyumbani bila samaki.

Wewe unanijua. Kabla ya ndoa nilikuambia yote: nilikaa miaka saba mu nyumba ya Hubin, muzungu wa garaji, na nilikuambia vile ilimalizika. Ulisema hautaniuliza tena, na miaka yote haukuniuliza. Leo uko kule, uko na binti mu gari, njo unaniuliza juu ya 1960. Ni juu ya nini? Unataka nikumbuke kwenye nilitoka, ili ukiniacha nisione kama ni kitu kikubwa?

Sema kweli. Salamu usitume.

Mwamini

*

Charleroi, 20 Mei 1973

Mwamini, mama wa watoto wangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Ulikuwa na haki ya kuniandikia hivyo. Sasa kaa chini, wala usisome haya mbele ya watoto.

Yule binti ni wako. Ni mtoto uliyemwita Asia. Huku anaitwa Agnès Hubin.

Uliniambia zamani kwamba Hubin alikuwa akisifu kijiji chao, Marvaux, kwamba siku moja atafungua huko pompu ya mafuta. Jina hilo sikulisahau. Jumapili ile ya kwanza niliondoka Charleroi nikijidanganya kwamba ninatembea tu. Nikafika Marvaux, nikaiona pompu mbele ya nyumba ya mawe. Nilikuwa natakiwa kurudisha tangi limejaa, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kusimama. Akatoka msichana kushika mpira wa mafuta. Mwamini, nilidhani ni wewe mwaka tuliooana. Anainamisha shingo vilevile anapohesabu chenji. Nililipa nikaondoka.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Je, nikikuambia nimemwona, halafu yeye akakukataa? Nilitaka kukuletea jambo zima, si nusu.

Mara ya pili nilimwambia natoka Kolwezi. Akasema, “Mimi nilizaliwa huko, mama yangu alifia huko.” Ndivyo alivyoambiwa na baba yake. Mara ya tatu nikamwambia hakufa. Alikasirika, akaniita mwongo. Nikamwambia, “Una kovu chini ya goti la kushoto. Uliangukia mbabula ya makaa ukiwa na miaka mitatu, mama yako alilala amekushika mguu mpaka asubuhi.” Aliingia ndani. Baada ya muda alitoka na sakoshi yake akasema anarudi Namur, anasomea kazi ya uuguzi huko, je, ninaweza kumfikisha? Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni ninampeleka, ananingoja kwenye kona, mbali na macho ya baba yake. Njiani akawa anauliza neno moja moja: mama ni mrefu? Anaimba? Swali moja alilirudia mara nyingi: kwa nini alinitoa? Nami sikujua jibu. Ndiyo maana nikakuuliza juu ya 1960, na nikakuuliza kwa uongo.

Badibanga aliona kweli. Nililia siku ile kwa sababu aliniaga kwa Kiswahili. Alisema “kwaheri” tu, akashangaa mwenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea Jumapili iliyopita. Tulipotoka Marvaux aliniomba usukani. Ana leseni, lakini baba yake hamruhusu kugusa gari lake. Nilijua jina lake halikuandikwa kwenye kontra, mkataba wa gari. Nikampa. Ni mara ya kwanza aliniomba kitu, Mwamini.

Aliendesha vizuri. Akaanza kusema anavyokumbuka sauti, kama ng'ombe mkubwa analia asubuhi. Nikamwambia hiyo ni siren ya mgodi, inalia mpaka leo. Akakumbuka ua la udongo mwekundu, na mtu anayesuka nywele zake, magoti ya mtu huyo yakimbana mabegani. Akasema, “Magoti yale ni yake?” Nikasema ni yake. Machozi yakamjaa, barabara ikapinda, yeye hakupinda. Tuligonga ukuta wa kanisa. Tuko wazima wote wawili, yeye ana mchubuko kwenye kidevu tu. Gari limekunjika mbele yote.

Alipofika jandarme, askari wa huku, akauliza nani alikuwa anaendesha. Nikasema, “Mimi.” Akaandika. Agnès alinitazama. Nikisimama na neno hilo, asiransi italipa yote. Nikisema kweli, kila kitu ni juu yangu, tena baba yake atajua anaonana nami, na anaweza kumfungia mlango. Jumatano ijayo nimeitwa kwenye ajansi iliyonikodishia gari, kueleza. Sijawahi kuandika uongo chini ya jina langu. Lakini huyu mtoto nitamwachaje?

Alimasi

*

Kolwezi, 10 Juni 1973

Baba Amadi,

Nilisoma nimesimama, kisha nilikaa chini mu kuloari, katikati ya vyumba, batoto bakanipita bakidhani ninapumzika.

Nisamehe ile barua. Mama Tshiela nilimuambia alikosa, binti ni wa jamaa yetu. Sikuongeza.

Nieleze. Anakula muzuri? Meno yake iko namna gani, ile ya mbele ilikuwa inaachana kidogo. Kule ku baridi nani anamutengenezea nywele? Ana muchumba? Kidevu kimepona? Uniandikie hata bitu bidogo, usichague.

Miaka yote nilikuwa ninamuonaka na miaka sita. Mi ninazeeka, yeye hapana. Sasa unaniambia anaendesha gari. Nimekaa nafikiri namna ya kumukuza mu kichwa, haitaki.

Juu ya uongo wa ajansi, sijui sheria za kule. Kama barua hii inachelewa, umekwisha kusema ile utasema, na sitakuhukumu. Lakini kama bado, usimuache mutoto abebe uongo wako. Amekwisha kubebeshwa ingine.

Ile ya 1960 nitaiandika. Lakini si kwako. Ni yake.

Mwamini

*

Charleroi, 17 Juni 1973

Mama Amadi,

Barua yako ninaingoja bado, lakini siwezi kunyamaza.

Nilikwenda kwenye ajansi siku waliyoniita. Mama wa miwani alikuwepo, pamoja na mzee mmoja wa asiransi mwenye kalamu. Nilikuwa nimeamua kusimama na uongo. Nilianza: nilikuwa ninaendesha, barabara ilikuwa na maji. Mlango ukafunguliwa, akaingia Agnès. Alikuwa ametoka Namur kwa treni, amevaa sare yake ya shule ya uuguzi. Nilimwambia kwa macho arudi. Akaja mpaka mezani akasema, “Bwana, ni mimi niliyekuwa ninaendesha.”

Yule mzee akaweka kalamu chini. Akamweleza polepole, nadhani kwa huruma, kwamba akishikilia neno hilo, asiransi haitalipa gari, na mimi nitalipa lote, pamoja na siku zote litakazokaa garaji bila kukodishwa. Kwamba jandarme ameshaandika vingine, na karatasi ya jandarme inatosha. Agnès akasema, “Nimeelewa. Ni mimi.”

Mzee akachukua kalamu. Akamwuliza jina, umri, leseni. Kisha akamwuliza, “Uhusiano wako na mkodishaji ni upi?”

Mwamini, nilimwona akinitazama mimi, mtu mweusi mwenye kofia mkononi, ambaye miezi mitatu iliyopita alimtilia mafuta. Nikafikiri atasema rafiki, au abiria. Akasema, “Ni mume wa mama yangu.”

Mzee akaandika. Kwake lilikuwa neno la kujaza nafasi. Mimi nilitazama dirishani.

Nje nilimwuliza kwa nini amefanya hivyo, maana hasara ni yangu na ningeweza kuikwepa. Akasema baada ya ajali alirudi nyumbani, akamwuliza baba yake uso kwa uso kama mama yake yuko hai. Hubin amekuwa mzee, kifua kinamsumbua. Hakubisha. Alisema tu, “Nilifikiri ni bora kwako,” akaenda kulala mchana. Agnès akaniambia, “Nimelelewa juu ya uongo wa mtu aliyenipenda. Sikutaka wa pili.”

Sasa nikuambie yote, hata yanayouma. Nimekubaliana na ajansi nilipe kidogo kidogo. Kiwanda kimekubali nibaki nikifanya kazi kozi ikiisha. Badibanga atarudi Agosti, mimi nitarudi mwisho wa mwaka, na mashine ya kushona haipo. Agnès alitaka kulipa nusu kwa posho yake ya shule, nikakataa. Tuligombana barabarani kama watu wa nyumba moja.

La pili linauma zaidi. Hatakuja. Si kwamba hataki kabisa. Anasema hawezi sasa. Baba yake hana mtu mwingine, na hata akimkasirikia, ni huyo baba aliyemkeshea alipougua surua. Nilimwambia hata wewe unamkeshea, kwa mbali. Akasema, “Najua, lakini yeye simjui.” Hakusema kwa ubaya.

Jumapili hizi sikodi gari tena. Ninakaa chumbani. Yeye ameanza kuja Charleroi kwa treni mara moja moja, tunatembea kando ya mfereji, kisha anarudi.

Mwandikie. Mimi nitamsomea kwa Kifaransa, neno kwa neno, sitapunguza.

Mumeo,
Alimasi

*

Kolwezi, 8 Julai 1973

Asia, mwana wangu,

Anayekusomea hii ni bwana yangu. Ni mutu wa kweli, hata akidanganya anadanganya vibaya. Umuamini.

Unauliza juu ya nini nilikutoa. Sikukutoa. Nitakuambia ile siku vile ilikuwa, na utaiweka kando ya ile ingine walikuambia, utachagua wewe mwenyewe.

Baba yako aliniambia banajeshi banaasi, bazungu banaogopa. Akasema anakupeleka Elisabethville kwa dada yake, siku tatu tu, mpaka kutulie, na mi nitakuja nyuma na treni. Nilikusuka nywele mu kuloari. Ulikuwa unalia juu nilivuta sana, nilikuwa na haraka. Niliweka nguo mbili mu kikapu, juu ya siku tatu nguo mbili inatosha. Ulipanda gari nyuma, ukapiga magoti ku kiti ili unione. Nilikupungia mukono mpaka ku kona. Nilirudi ndani kupika, hata sikusimama sana ku barabara. Ile tu njo inaniuma mpaka leo, kwamba sikusimama sana.

Nilifika Elisabethville na treni. Yule dada alikuwa amekwenda. Nyumba ilikuwa wazi, mbwa amefungwa ku mulango bila maji. Jirani akasema bote bamevuka mupaka, bamekwenda Ndola, na kule kuna ndege. Nilimupa mbwa maji. Nilikwenda ku ofisi ya bazungu ile ilibaki, nikasema mutoto wangu. Bakaniuliza karatasi. Karatasi yako ilikuwa na jina la baba yako, yangu haikuwa. Muzungu mumoja akaniambia, “Mama, utazaa bengine.” Nilizaa bengine. Uko na kaka mudogo, Amadi, na dada mudogo, Kadija. Kadija akicheka anafunika mudomo. Sijui kama na wewe unafanyaka vile.

Baba yako usimuache na ugonjwa wake. Sikuandiki hii juu ya kumuhurumia. Ninaandika juu ya wewe, usipate siku ya kujuta. Mi nina hasira na yeye, lakini hasira ni yangu, isikufikie kama urisi.

Juu ya gari, usilie tena. Gari ni chuma. Bwana yangu atachelewa kurudi, na mi nitangoja, tumezoea. Kama anakusomea hapa na sauti yake inabadilika, umupe maji, umuambie aendelee.

Umesema haunijui. Ni kweli. Hata mi sikujui. Mutoto nilimujua alikuwa anaogopa kuku na anapenda ndizi ya kuchoma, na leo uko mwanamuke mwenye anaingia mu ofisi na kusema kweli mbele ya bazee. Ule sikumulea mimi. Ninamusalimia.

Sikuulizi utakuja lini. Usiogope kunijibu, na usiogope kutonijibu. Nitakuandikia kila mwezi, hata kama kimya. Hii kazi ninaiweza. Miaka kumi na tatu nimeifanya bila karatasi.

Mama yako,
Mwamini